Swali: Katibu wa mbunge aliyeagizwa kuandika hoja ya ushuru wa bia

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Niko Arusha, ni katibu wa mbunge mmoja wa huku Kaskazini. Yeye ni Mlutheri, mimi ni Mwislamu. Namwandikia hotuba, maswali ya Bunge na majedwali ya marekebisho, na Bunge la Bajeti likianza nahamia naye Dodoma. Sasa ameniagiza niandae hoja ya kupunguza ushuru wa bia ili wakulima wa shayiri wapate soko, na mwaka jana niliandika nyingine kama hiyo. Je, kazi hii ni halali? Nikiwa Dodoma nipunguze swala muda wote? Na bahasha za wananchi niliowasaidia barua?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Kazi yenyewe ni halali. Kumtumikia asiye Mwislamu katika jambo la halali hakuna ubaya. Nabii Yusuf, alayhi salaam, aliomba mwenyewe kusimamia hazina za nchi chini ya mfalme wa Misri (Yusuf: 55). Kwa hiyo usiihukumu ajira kwa jumla, hukumu kila karatasi inayotoka mkononi mwako. Ombi la zahanati, swali la maji, ufuatiliaji wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba: haya ni mema, na ukinuia vizuri una thawabu juu ya mshahara.

Hoja ya bia usiiandike. Katika riba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, amemlaani mlaji, mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili, kama alivyopokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa swahaba Jabir. Mwandishi ametajwa waziwazi. Katika pombe waliolaaniwa ni kumi, akiwemo mkamuaji, mbebaji, muuzaji na anayekula thamani yake. Mwandishi wa hoja hayumo katika kumi hao, lakini anaingia katika katazo la kusaidiana katika dhambi na uadui (Al-Maida: 2), kwa sababu lengo la hoja ni bia iuzike zaidi. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamesema kumuuzia zabibu mtu unayejua kwa yakini kuwa atazikamua pombe ni haramu, na ikiwa ni shaka tu ni makruhu, yaani inachukiza bila kufikia haramu. Shayiri inayolimwa kwa mkataba wa kiwanda cha bia haina shaka hiyo.

Tofautisha hapa kueleza na kutetea. Ukipewa Muswada wa Sheria ya Fedha ukaufafanua kifungu kwa kifungu, kwamba ushuru wa bia umetoka kiwango hiki kwenda kile, umetoa habari, na hakuna dhambi. Ukiandika "Mheshimiwa Spika, naiomba Serikali ipunguze", umetetea.

Usiende kwa mbunge na neno "siwezi" peke yake. Wakulima wa West Kilimanjaro na Monduli wana watoto wa kusomesha, na mbunge ana haki ya kuwasemea. Mpelekee karatasi nyingine: ngano inastawi katika maeneo hayohayo, na nchi yetu inaagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Hapo pana hoja nzito ya mbegu, bei na mnunuzi wa uhakika, na shayiri yenyewe ina soko la chakula cha mifugo. Mwambie faragha, na mwambie mapema, Aprili vikao vinapoanza. Hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, hivyo Muswada wa Fedha hupita haraka. Wengi huharibikiwa hapa: hunyamaza hadi usiku wa kuamkia mjadala, kisha kukataa kwao kunaonekana ni usaliti. Akimpa mwingine aandike, usiihariri wala usiitafutie takwimu.

Kuhusu swala, safari ya Arusha hadi Dodoma inazidi kilomita 400, basi njiani punguza (swala za rakaa nne ziwe mbili) na ukusanye (swala mbili kwa wakati mmoja). Lakini ukinuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, wewe ni mkazi tangu unapofika: swali rakaa kamili, na Ijumaa inakulazimu. Anayepunguza swala tangu Aprili hadi Juni amekosea. Kikao cha jioni kikivuka Magharibi usiikusanye na Isha kwa mazoea. An-Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa Kishafi, amewataja maimamu walioruhusu mkazi kukusanya kwa haja, kwa sharti asiifanye desturi. Haja yako ni ndogo, maana wewe si wa kuketi ukumbini: Juni Magharibi ya Dodoma huingia karibu saa 12:30 jioni na wakati wake unazidi saa moja. Dakika kumi zinapatikana.

Bahasha usipokee. Mtume alimkemea mkusanyaji wa zaka aliyesema "hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi", akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake aone kama angeletewa (Bukhari na Muslim). Jipime kwa swali hilo hilo. Jirani aliyekuwa akikuletea ndizi kabla ya kazi hii, na hana faili mezani kwako, pokea. Aliyekuja kwa sababu ya barua, mrudishie, iwe kabla ya barua au baada yake. Usipompata, toa katika maslahi ya watu bila kujihesabia sadaka.

Hoja ya mwaka jana itubie: acha, juta, azimia kutorudia. Mshahara hulazimiki kuurudisha, kwani ulilipwa kwa kazi yote ya mwezi, na hukulipwa kwa hoja ile peke yake. Ingekuwa ulipewa posho maalumu ya kuiandika, posho hiyo ungeitoa.

Wallahu aalam.