Mishipa ya ubongo imepindapinda: je, itapasuka?

Swali: Jambo Daktari. Nina miaka 61, niko Bukavu. Nilifanya skana ya kichwa, ripoti ikasema mishipa ya ubongo wangu imepindapinda. Mdogo wangu wa kike alifariki mwaka jana, damu ilimwagika kichwani. Tansio, yaani shinikizo kubwa la damu, ninayo tangu zamani, dawa nameza siku kichwa kinaponizunguka. Mishipa hii itapasuka?

Jibu: Jambo Mama, na pole sana kwa msiba.

Mshipa kupinda si dalili kwamba unakaribia kupasuka. Mwombe fundi wa pikipiki akuonyeshe mpira wa zamani wa ndani ya tairi. Umetanuka hadi kuwa mrefu kuliko gurudumu, na akiurudisha mahali pake unajikunja. Ndivyo ilivyo kwa mshipa: ukuta wake una nyuzi zinazonyumbuka, na umri pamoja na tansio huzichosha. Mshipa unarefuka, lakini kwa kuwa umeshikwa huku na huku, unapinda. Katika umri wako tunaliona jambo hili kila mara.

Anevrizimu ni kitu kingine. Ukuta hulegea mahali pamoja, damu ikausukuma nje ukawa kiputo, mara nyingi pale mishipa inapogawanyika chini ya ubongo. Kati ya watu wazima 100, karibu 3 wanacho, na vingi havipasuki kamwe. Uhusiano na kupinda upo: penye kona damu hupiga ukuta kwa namna isiyo sawa, na kuna tafiti zilizokuta mishipa ya wenye viputo imepinda kuliko ya wengine. Lakini tansio hiyohiyo inayopinda mshipa ndiyo pia inayolegeza ukuta, kwa hiyo kona peke yake haituambii kiputo kitatokea. Ripoti hiyo ingekuwa ya kijana wa miaka 20 ningeshtuka zaidi, maana yapo maradhi ya kurithi ya ukuta wa mishipa, kama la Loeys-Dietz.

Kilichonigusa katika maneno yako ni mdogo wako. Waulize waliomtibu: waliona kiputo, au damu ilivuja ndani ya ubongo kwa sababu ya tansio? Ni vifo viwili tofauti. Kama kilikuwa kiputo, na yuko mwingine wa tumbo moja, mzazi au mtoto aliyepatwa na hayo, basi ninyi mliobaki mnastahili kupimwa mishipa.

Na hiyo skana, walikuchoma dawa ya kung'arisha mishipa kwenye mkono kabla ya kupiga picha? Bila dawa hiyo picha huonyesha damu iliyomwagika, lakini kiputo kidogo kinaweza kupita bila kuonekana. Mpelekee daktari wako picha zenyewe pamoja na karatasi, aamue kama irudiwe.

Sasa dawa, Mama. Tansio haisubiri kichwa kizunguke. Inaweza kuwa 180 nawe unauza sokoni bila kusikia chochote. Meza kila siku, saa ileile, na upimwe mara kwa mara hadi ishuke chini ya 140/90. Kama unavuta sigara, acha: sigara na tansio ndivyo vinavyolisha viputo, na vyote viwili viko mikononi mwako.

Kichwa kikikupasua ghafla, kwa maumivu ambayo hujawahi kuyasikia maishani, au kope moja ikaanguka na mboni ya jicho hilo ikapanuka, usilale kusubiri asubuhi. Wakupeleke hospitali usiku huohuo.