Kapkeki bila sukari: tena habari ya asali, na maswali mengine

Maswali yaliyofika wiki hii karibu yote ni ya kapkeki zisizo na sukari. Nimeokota machache. Nachukulia kwamba unajua kuwasha oveni mapema na kwamba una mizani; anayepima unga kwa kikombe kilichovunjika mkono asinilaumu.

Nimeachana na sukari kabisa, siku hizi natia asali. Kwa gramu 200 za unga nitie asali kiasi gani? Mama wa wawili, Donholm

Hujaachana nayo, mama. Umehamia chupa nyingine. Asali ni sukari kwa kiasi cha asilimia 80 hivi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Kijiko cha mezani cha asali kinabeba gramu 17 hivi za sukari. Kijiko kama hicho cha sukari ya pakiti kina gramu 12 au 13, kwa sababu asali ni nzito. Kijiko kwa kijiko, umeongeza.

Swali hili haliishi, na kila nikilijibu kuna anayeniandikia kwamba asali ni ya asili. Miwa ya Muhoroni nayo inaota shambani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, liliiweka asali, shira na maji ya matunda kundi moja na sukari ya pakiti, likashauri kwamba zote kwa jumla zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Sukari guru imo humo humo. Shira ya agave mnayoinunua kwa bei ya nyama imo pia.

Ukipenda ladha ya asali, tia gramu 100, punguza maziwa vijiko viwili vya mezani, shusha oveni nyuzi 15 maana asali huungua upesi, kisha uiite keki ya asali. Usimwambie mgeni mwenye kisukari kwamba haina sukari. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe hata iliyookwa: mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli) zinazoweza kukaa ndani ya asali haziuawi na joto la katikati ya keki.

Na sukari ya brauni? Msomaji, Umoja

Ni sukari yenye molasi kidogo. Swali lingine.

Kapkeki zangu zinaumuka vizuri, halafu zinazama katikati na kuwa ngumu kama mkate wa jana. Resipe ni ya Uingereza, sikubadilisha kitu ila kutoa sukari. Mwenye oveni mpya, Kasarani

Ulitoa gramu 200 za kitu kinachofanya kazi nne, ukategemea keki isigundue.

Sukari haitiwi kwenye keki kwa utamu peke yake. Ukiichapa na siagi, punje zake ndizo zinazoingiza hewa. Inashika maji, ndiyo maana keki ya kawaida bado ni laini kesho yake. Inachelewesha unga na mayai kukaza, keki ikapata muda wa kupanda. Na ndiyo inayochangia sana ile rangi ya hudhurungi juu. Katika keki ya vipimo sawa vya unga, siagi, mayai na sukari, ukiitoa sukari umetoa robo ya uzito wote. Kinachobaki ni mkate wenye mayai mengi.

Kosa la pili ni la mji, si lako. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ya huku ina mgandamizo mdogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au zaidi kidogo badala ya 100, na gesi ya bekingi pauda hutanuka kwa haraka kuliko ilivyokusudiwa na aliyeandika resipe kule London. Keki inapanda kabla haijashika, kisha inaporomoka. Resipe inayotaka vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, huku weka kimoja na nusu. Ongeza maziwa kidogo na upandishe oveni nyuzi 10. Shangazi yako wa Mombasa asifuate ushauri huu. Na kama unga wako ni ule uliochanganywa na bekingi pauda kiwandani, usiongeze nyingine. Wengi wanaonilalamikia keki kuzama huwa wameitia mara mbili bila kujua, kwa kuwa hawakusoma pakiti.

Kipimo cha kapkeki 12, kwa Nairobi: unga wa ngano gramu 200, bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo, siagi gramu 115, mayai matatu, maziwa mala mililita 150, vanila kijiko kimoja, na erithritoli (kitamu cha punje nyeupe kinachotumika badala ya sukari) gramu 120. Saga erithritoli kwenye blenda mpaka iwe vumbi, la sivyo utatafuna mchanga. Chapa na siagi, tia viini kimoja kimoja, kisha unga na mala kwa zamu. Ute wa mayai upige pembeni mpaka usimame, uuchanganye mwisho kwa mkono mwepesi. Hewa ambayo sukari ingeileta, sasa inatoka kwenye ute. Nyuzi 180, dakika 18 hadi 20.

Utamu wa erithritoli ni kama asilimia 60 hadi 70 ya ule wa sukari, kwa hiyo keki itakuwa na utamu wa upole. Tia iliki na ganda la limau lililoparuzwa. Ulimi hudanganyika kwa harufu. Ukiona ulimi unapoa kama uliolamba mnanaa, ni tabia yake, si sumu. Ila msiile kama ugali. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2023, wa Cleveland Clinic, uliona kwamba wenye erithritoli nyingi damuni walipata matatizo ya moyo zaidi. Haukuthibitisha kwamba erithritoli ndiyo chanzo, na mwili wenyewe hutengeneza kiasi chake, lakini kwa mwenye ugonjwa wa moyo mimi ningemwachia sikukuu tu.

Resipe ilisema kikombe cha sukari, nikaweka kikombe cha stevia. Keki chungu, hata mbwa alikataa. Kijana wa Rongai

Pole kwa mbwa. Stevia ni kitamu cha majani ya mmea, na ikiwa safi ina utamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Kwa kapkeki 12 unahitaji kiasi cha kubandika kwenye ncha ya kisu. Na haina ujazo, kwa hiyo huwezi kuitegemea peke yake: changanya na erithritoli, au jaza pengo kwa ndizi iliyopondwa au tufaha lililochemshwa. Zao hili linalimwa hata kwetu, upande wa Kericho, lakini kile kipakiti cha dukani mara nyingi kina stevia chembe, na kilichobaki ni dekstrosi au maltodekstrini, ambazo hupandisha sukari ya damu upesi. Geuza pakiti. Kilichoandikwa kwanza kwenye orodha ndicho kingi.

Ndizi mbivu nazo si sukari? Mbona unaziruhusu wakati asali unaikataza? Msomaji, Buruburu

Swali zuri, na nimefurahi kuna anayesoma. Ndizi ya wastani ina gramu 14 hivi za sukari. Ukiponda mbili ndani ya kapkeki 12, kila moja inapata gramu mbili na ushei, pamoja na nyuzinyuzi, na ndizi yenyewe inashika maji na kulainisha. Asali gramu 100 inaipa kila moja karibu gramu 7. Sikukatazi asali, nakataza uongo. Tende ni hivyo hivyo: mbili tatu za ladha, sawa, ukisaga robo kilo ya tende za Eastleigh kuwa ujiujiu, umerudi ulikotoka. Ndizi nunua Marikiti zile zenye madoa meusi ambazo watu wanaziruka. Ndizo tamu na ndizo rahisi.

Mama mkwe ana kisukari na anakuja Jumapili. Nikimwokea zisizo na sukari, anaweza kula ngapi? Mke wa kwanza wa nyumba, Lang'ata

Moja. Baada ya chakula, si tumbo tupu, na saa mbili baadaye mpime kwa kile kimashine chake ili mjue mwili wake unasemaje.

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Unga mweupe ni wanga, na wanga tumboni hugeuka glukosi. Katika gramu 200 za unga kuna wanga gramu 145 hivi. Gawa kwa 12, kila kapkeki ina gramu 12, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari, kabla hujatia kitu kitamu chochote. Ni nafuu kubwa ukilinganisha na keki ya kawaida, lakini nafuu si ruhusa ya kumaliza trei. Nusu ya unga ifanye atta, au badilisha robo yake na unga wa karanga au lozi. Nyamakima karanga hazijawahi kuisha.

Hili hukuniuliza, lakini sikiliza. Kama mama anadunga insulini au anameza vidonge vinavyoshusha sukari, halafu akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea ovyo, sukari imeshuka. Usimpe kapkeki yako. Usimpe soda ya dayati. Mpe glukosi, au nusu glasi ya soda ya kawaida, papo hapo, kama bado anaweza kumeza. Kama hajitambui usimtie kitu mdomoni, kimbia hospitali. Nyumba zilizojisafisha sukari yote hadi kijiko cha mwisho hunitia hofu kwa sababu hiyo. Mambo ya dawa zake na kiasi cha wanga wa siku aulizwe daktari wake.

Aspatame, kile kitamu cha soda za dayati, inaleta saratani? Baba wa watoto watatu, South B

Julai 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la 2B, yaani "huenda", ushahidi ukiwa hafifu. Siku hiyo hiyo jopo lingine, linalopima viungo vya vyakula, liliacha kikomo chake pale pale: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Lakini unaongelea kuoka, na huko haina maana, kwa kuwa joto la oveni huiondolea utamu. Iache kwenye chai.

Ukitaka la kukusumbua usingizi, Mei mwaka huo shirika hilo lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari, aspatame na stevia zikiwemo, kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu ambao tayari wana kisukari. Mnaokula kapkeki sita kwa sababu "hazina sukari", mnaambiwa ninyi.

Nimepata zailitoli dukani, kitamu kingine cha badala ya sukari, inafaa? Msomaji, Kileleshwa

Inafaa, utamu wake ni sawa na wa sukari, gramu kwa gramu. Ukizidisha itakukimbiza msalani. Na kama una mbwa, usiilete nyumbani: hata kiasi kidogo humshusha sukari ghafla na kinaweza kumharibu ini. Kijana wa Rongai, ulitumia stevia, mshukuru Mungu.

Sina oveni. Sufuria na makaa? Kayole

Ndiyo. Mchanga chini, makaa machache juu ya kifuniko. Usisubiri rangi, keki hii haiivi kwa rangi. Choma kijiti, kikitoka kikavu epua.

Nataka kuuza nikiandika "haina sukari" kwenye boksi. Natumia tende na icing ya kawaida kidogo tu juu. Mfanyabiashara mchanga, Pipeline

Kidogo tu! Icing ya kawaida ni sukari iliyosagwa, na tende tumeshazizungumza. Kwa viwango vya Codex, yaani vya kimataifa vya vyakula, chakula kinaitwa kisicho na sukari pale tu kinapokuwa na sukari isiyozidi gramu 0.5 katika gramu 100. Chako hakikaribii, dada. Hata "haikuongezwa sukari" huwezi kuiandika ukiwa na icing hiyo. Andika "kapkeki za tende", orodhesha viungo vyote, taja karanga na mayai kwa herufi zinazosomeka. Juu paka krimu iliyopigwa au jibini laini iliyochanganywa na erithritoli iliyosagwa. Na kabla ya boksi la kwanza, pata cheti cha afya cha mshika chakula na kibali cha kaunti.

Wateja wako wataamini boksi, na kati yao yupo atakayempelekea mzazi anayedunga insulini. Mimi siwezi kukubariki uandike uongo kwa ajili ya shilingi hamsini zaidi kwa kapkeki.

Zinakaa siku ngapi? Msomaji, Ngong Road

Mezani siku moja, friji tatu. Sukari ndiyo iliyokuwa ikizuia kuvu. Zikibaki, zigandishe bila kupaka krimu.