Muulize Mwalimu: Mtoto na zile herufi za kuunganisha

Wiki hii maswali manne yamekuja juu ya jambo moja, mwandiko wa kuunganisha, yaani ule herufi za neno hushikana bila kuinua mkono, nikaona heri niyajibu yote pamoja.

*Mwalimu habari za siku. Niko na msichana wa miaka 5, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, huku Free Area, Nakuru. Herufi za kawaida anazijua zote hata jina lake anaandika, lakini muhula huu wameanzishiwa za kuunganisha na sasa ukimwonyesha neno anasema hayo ni maandishi ya watu wakubwa. Jana amelia mpaka akalala na penseli mkononi. Nimkazanie ama niachane nayo? Mama wa PP2.*

Pole sana mama. Kwanza hiyo penseli iweke kando kama wiki mbili hivi. Hapo kazi mbili zimechanganywa, kutambua na kuandika, na macho hutangulia mkono siku zote. Mtoto hajasahau kusoma, ni vile herufi zimeshikana mikono na yeye alizoea kuona kila moja imesimama peke yake.

Ukishamaliza kupika kaa naye, andika mama kwa herufi za kawaida halafu chini yake mama ya kuunganisha, mwache apitishe kidole polepole bila kuulizwa kitu. Ataona m ni ile ile na a ni ile ile, ni kamkia tu kameongezwa. Endelea na maneno kama mtu, mto, dada, tunda, hizo herufi hazibadiliki sana. Zile hugeuka sura kabisa ni kama r, s, f, k, b na z, hizo usimletee kwa mpigo, moja kwa wiki inatosha. Na kabla hujaandika chochote nenda shuleni umwombe mwalimu wake akuandikie herufi zote vile wao huziandika, maana staili ni tofauti, kuna wale k yao iko na kitanzi na kuna wale haina, sasa mtoto akipewa k moja nyumbani na nyingine shuleni ndio unasikia kilio.

Akishazitambua sasa mkono uingie, na bado si penseli. Maria Montessori, yule daktari Mwitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alikuwa anatumia herufi zilizokatwa kwa msasa zikabandikwa kwa kibao, watoto wanazifuata kwa vidole kwa mwendo ule ule wa kuandika, na zilikuwa za mtindo huu huu wa kuunganisha. Msasa unapata hadwea yoyote hapo mtaani, chukua ule laini usimkwaruze. Ukikosa, mwaga mchanga mkavu kwa sinia aandike na kidole, akikosea anatikisa sinia anaanza upya, hakuna raba wala karatasi kutoboka.

Halafu usifuate mpangilio wa a, b, c. Panga kulingana na vile mkono unatembea. c, a, d, g na o zote huanza na ule mviringo wa kurudi kushoto, akishika c hizo zingine zinakuja zenyewe. Baadaye i, u, t na j, halafu zenye kitanzi kirefu kama l, h na b. Hapo ndio b na d pia huacha kumchanganya, kwa sababu d inaanza na mviringo na b inaanza kwa kupanda juu, mkono wenyewe unajua tofauti. q na x Kiswahili hakizihitaji, zingoje.

Na kitu kimoja nimekifundisha miaka mingi na bado nakiamini, mtoto wetu aunganishe silabi kwanza, si herufi zozote mbili tu. Si tayari anasoma ma me mi mo mu? Basi aandike hivyo hivyo, ma bila kuinua mkono, halafu me. Sauti moja, mwendo mmoja. Akizoea silabi, kushikanisha ma na ma kuwa mama hakumsumbui.

*Mwalimu, kijana wangu wa gredi ya 3, tuko Migosi Kisumu, anaunganisha vizuri lakini akiandika "wa" inasomeka kama "uia" na "ba" inatoka vibaya. Mwalimu wake anasema ni haraka. Ni haraka kweli? Baba.*

Baba, sidhani ni haraka. Herufi nyingi humalizikia chini kwa mstari, ndio maana kuunganisha ni rahisi, lakini w, v, b na o humalizikia juu. Kijana akimaliza w anashuka mpaka chini kutafuta a, na ule mshuko ndio unazaa i ambayo hakuna mtu aliiomba. Kiswahili nacho kimejaa wa, ba na vi, kwa hivyo anakutana na shida hiyo kila mstari.

Mpe neno wavuvi, huko kwenu analijua vizuri. Liko na viungo vitatu vya juu, w kwenda a, v kwenda u, na v kwenda i. Mwambie akifika mwisho wa w asishuke, apite na kadaraja kadogo huko juu huku kametepeta kidogo tu, ndio aanze a. Aliandike kubwa kwa ubao na chaki kwanza, halafu kwa daftari, mara tano kwa siku, si ukurasa mzima, maana kwa ukurasa mzima, akifika mara ya ishirini huwa anafanya mazoezi ya kukosea. Angalia pia kama anasimama katikati kuweka nukta ya i au kukata t. Amalize neno lote ndio arudi kuweka.

*Kwani hii kitu ni ya nini na kila mtu ako na simu? Msomaji, Bungoma.*

Ni swali la haki. Marekani wenyewe walipoandika viwango vyao vya pamoja vya masomo ya shule mwaka 2010 waliuacha nje mwandiko huu, lakini California imeurudisha kwa sheria, tangu Januari 2024 unafundishwa gredi ya 1 hadi ya 6. Ufaransa nao huanza nao mapema sana. Kwangu mimi sababu ya karibu zaidi ni kwamba barua za babu ziko kwa sanduku na nataka mjukuu aweze kuzisoma bila kuniita.

*Mwalimu, mjukuu wangu wa miaka 7 anatumia kushoto. Namrudisha kulia lakini mwandiko unaharibika zaidi. Nyanya, Kakamega.*

Nyanya, nakuomba kwa heshima zote, umwache na mkono wake. Najua tulilelewa kuona kushoto ni utovu wa adabu, mimi pia nilichapwa vidole shuleni kwa sababu hiyo, na nilichopata ni kuogopa daftari.

Karatasi yake iwe upande wa kushoto wa kifua, upande wa juu umelalia kulia, kinyume cha vile wewe huweka. Penseli aishike juu kidogo kutoka kwa ncha ndio aone anachoandika, na kiganja kikae chini ya mstari, asikikunje kuja juu kama ndoano. Kwa dawati akae mwisho wa kushoto, la sivyo kiwiko chake na cha jirani vitagongana siku nzima. Kukata t atavuta kutoka kulia kwenda kushoto, usimkataze. Herufi zake zikisimama wima badala ya kulala kulia kama zako nyanya, ziko sawa hivyo.