Je, ni Lazima Kununua Antivirusi?

SWALI: Assalaam aleikum. Ninaendesha duka la kupiga chapa na kutoa kopi hapa Wete, Pemba. Kompyuta yangu ni ya Windows 11, na niliponunua ilikuwa na antivirusi ya majaribio ambayo sasa imekwisha muda. Kila nikiiwasha hutokea tangazo jekundu linalonitaka nilipie leseni ya mwaka. Fundi wangu anasema kwamba kinga iliyomo ndani ya Windows ni pambo tu, na kwamba nisipolipa kazi za wateja zitapotea. Kwa kuwa hupokea flashi nyingi za wanafunzi na walimu, nina wasiwasi. Je, nilipe? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaikumu salaam. Usilipe, ingawa jibu hilo lina masharti yake, na masharti yenyewe yana uzito kuliko leseni.

Anachosema fundi wako kilikuwa kweli zamani. Wakati wa Windows 7, kinga hiyo ya ndani, iitwayo Windows Defender, ilishughulika na programu za kijasusi tu, na aliyetaka kinga kamili bila ya malipo alilazimika kuipakua kando programu nyingine ya Microsoft, Security Essentials. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, Defender ikawa antivirusi kamili, lakini kwa miaka kadhaa matokeo yake katika majaribio ya maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, yalikuwa dhaifu. Siku hizi maabara hiyo hiyo, ambayo hutoa alama 18 kwa jumla, mara nyingi huipa Defender zote au karibu na zote, sambamba na zile zinazouzwa. Mafundi wengi bado wanaihukumu kwa sifa yake ya zamani, na wengine, tuseme kweli, wana leseni za kuuza.

Hilo tangazo jekundu ni la biashara. Antivirusi mbili hazishiki zamu moja. Ya pili inapoingia, Defender hujiweka kando, na ndiyo maana iliyokwisha muda haifai kuachwa ikining'inia humo bila ya kupokea masasisho. Iondoe kwa utaratibu kupitia orodha ya programu kwenye mipangilio ya Windows, zima kompyuta na uiwashe tena, kisha fungua Windows Security, sehemu ya usalama ya Windows, uhakikishe kwamba Defender imerudi kazini.

Sasa tuje kwenye flashi, ambazo kwa duka lako ndizo mlango mkubwa. Bila ya shaka umeshaona mwanafunzi akileta flashi ambayo folda zake zote zimegeuka njia za mkato, kila moja ikiwa na kimshale kidogo pembeni. Folda halisi huwa zimefichwa, na anayebofya kile kimshale huwa anakiamsha kirusi, ambacho hukimbilia ndani ya kompyuta na kungojea flashi ya mteja anayefuata. Defender hulichunguza kila faili linapofunguliwa, lakini haiipekui flashi nzima kwa sababu tu imechomekwa. Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote, bofya jina la flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague ichunguzwe na Defender. Mteja asubiri kidogo. Kirusi kikishaondolewa, iamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa, na mara nyingi kazi ya mwanafunzi utaikuta salama.

Lipo jambo moja ambalo kwalo antivirusi za kununua zinaweza kujitetea. Defender hutegemea sana kuulizia kwa seva za Microsoft, na katika majaribio ya maabara nyingine, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, uwezo wake wa kutambua virusi hushuka mtandao unapokuwa haupo. Kwa hiyo bando likikwisha, kinga nayo hupungua. Ikiwa duka lako hukaa siku nyingi bila ya mtandao, hoja ya kununua inapata nguvu kidogo. Lakini hata hapo, Microsoft hutoa faili la masasisho ya Defender ambalo unaweza kulipakua kwenye kompyuta nyingine na kulihamisha kwa flashi safi.

Pesa ya leseni inunulie diski ya nje, unakili kazi za wateja kila jioni na kuichomoa. Na masasisho ya Windows usiyaache. WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu duniani Mei 2017 na kudai fidia, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshaliziba kwa sasisho la Machi mwaka huo. Walioumia ni ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa. Na ikiwa fundi amekuwekea programu za kukrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli la leseni ili zitumike bila ya kulipiwa, zile ambazo kabla ya kuziingiza huambiwa uzime antivirusi kwanza, muombe aziondoe, kwani hakuna kinga, ya bure wala ya kununua, inayofanya kazi ikiwa imezimwa na mwenyewe.

SWALI: Ipo pia antivirusi ya bure ya kampuni nyingine. Si sawa na hiyo ya Windows? (Msomaji, Mchangani, Unguja)

JIBU: Si sawa, kwa sababu kampuni hiyo lazima ipate fedha yake mahali fulani, na mara nyingi huipata kwa matangazo ya kukushawishi ununue toleo la juu. Wapo waliofika mbali zaidi. Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake, ikaitaka ilipe dola milioni 16.5. Microsoft nayo hukusanya taarifa za kompyuta yako, lakini hizo inazikusanya ukitumia Windows kwa vyovyote vile, kwa hiyo kuongeza wa pili ni kumfungulia mlango mtu mwingine. Ikiwa kompyuta yako bado ni ya Windows 10, jua kwamba masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Shughulikia hilo kwanza, kisha ndipo uulize habari za antivirusi.