Profesa, Hivi Unafundisha au Unarusha Ndege?

Toleo lililopita niligusia kwamba nilifundisha uhandisi mitambo chuo kikuu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba utafiti wangu mwingi ulihusu hewa inavyopita kwenye bawa. Nikadhani nimepita tu. Maswali yaliyofuata yamenikalisha barazani hapa Pasiansi, Mwanza, siku tatu, ndege za abiria zikinipitia juu ya bati.

Shikamoo Profesa. Niko kidato cha sita, PCM. Nataka kutafiti ndege na roketi. Nitafute chuo cha nje chenye shahada ya ndege, au nisome mitambo hapa hapa? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba mwanangu. Soma mitambo. Nguvu, joto, mwendo wa hewa na maji, uimara wa chuma: vyote utavikuta humo, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafundisha uhandisi tangu 1973. Kama roho yako iko kwenye kuifungua ndege na kuifunga, hapo ulizia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Ni kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Ila usingoje chuo. Uwanja wetu wa ndege uko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama sehemu moja ya kumi. Bawa linabeba kidogo, injini inapata hewa kidogo, kwa hiyo ndege ile ile yenye mzigo ule ule hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Kaa na kalamu utafute ni mbali kiasi gani. Ukiona raha, umeshaanza kazi. Ukiona inakuchosha si dhambi, uhasibu nao unalipa.

Mzee wangu, mimi natengeneza injini za mashua mwaloni Kirumba. Mpwa wangu anasomea uhandisi na anasema atakuwa profesa. Kusema kweli sielewi: profesa wa mitambo anashika spana saa ngapi? (Fundi, Kirumba)

Fundi mwenzangu, umenigusa pabaya. Wengine hawashiki kabisa, na wanafunzi huwajua tangu wiki ya kwanza.

Siku yangu ilikuwa hivi: asubuhi kipindi, vijana mia na kipaza sauti kinachokwaruza. Mchana maabara, halafu kusahihisha. Jioni kuandika maombi ya fedha za utafiti, mengi yakirudi na samahani. Utafiti wenyewe ulibaki wa usiku, na spana ya Jumamosi.

Lakini hamko mbali na wasomi hawa kama unavyodhani. Ludwig Prandtl, Mjerumani, kabla ya uprofesa aliajiriwa kiwandani Nuremberg, akapewa kazi ya kurekebisha mtambo wa kufyonza mabaki ya kazi za mashine. Bomba lilipopanuka, alitegemea hewa ipunguze kasi na presha ipande. Haikupanda. Hewa ilikuwa inajitenga na ukuta wa bomba. Mtambo aliurekebisha, ukafanya kazi, na mwingine angeishia hapo akaenda kunywa chai. Yeye swali likamganda. Mwaka 1901 akawa profesa Hannover, akajenga mfereji ambao maji yake aliyazungusha kwa gurudumu la mkono, akatia chembe zinazong'aa ili auone mkondo. Mwaka 1904 akasimama Heidelberg mbele ya wanahisabati, dakika kama kumi tu, akaeleza kwamba ukutani kabisa pana utando mwembamba unaoburutwa, na kwamba msuguano unaamuliwa humo ndani. Hesabu za mabawa ya leo zinaanzia kwenye utando huo. Propela yako inao pia. Ikichakaa na kuwa na makovu, mashua ikawa nzito, utando huo ndio ulioharibika.

Mpwa wako aje mwaloni wakati wa likizo. Usimpe kiti.

Profesa, shikamoo. Binti yangu anataka kufuata njia yako. Ni miaka mingapi? Na ataolewa lini? (Mama, Igoma)

Marahaba mama. Shahada ya kwanza ya uhandisi miaka minne, ya pili kama miwili, uzamivu mitatu mambo yakienda vizuri, na hayaendi vizuri. Vyeo navyo ni ngazi: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Katika ngazi hizo huhesabiwa machapisho kuliko anavyofundisha, jambo ambalo sikulipenda na silipendi hata leo. Mimi nilifika juu mvi zimeshajaa.

La kuolewa, mama yangu hakuulizwa hivyo kuhusu mimi.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 navuka kwa dakika chache, sipangi tena foleni ya kivuko. Lakini siku za upepo mkali roho inadunda. Upepo unaweza kulitikisa? Na nyie watu wa ndege mnahusikaje na madaraja? (Dereva, Sengerema)

Hofu yako ina historia, dereva. Tarehe 7 Novemba 1940, daraja la Tacoma Narrows huko Marekani, lenye umri wa miezi minne tu, lilijipinda kama mkeka unaokung'utwa mpaka likakatika, na upepo wenyewe ulikuwa kama kilomita 65 kwa saa. Aliyekufa ni mbwa mmoja aliyebaki ndani ya gari. Kwenye jopo la uchunguzi aliwekwa Theodore von Kármán, profesa wa mambo ya ndege.

Alijuaje habari za upepo na nguzo? Turudi nyuma hadi Göttingen, Ujerumani, 1911, alipokuwa kijana chini ya Prandtl. Mwanafunzi mmoja wa Prandtl, Karl Hiemenz, alitakiwa apime maji yanavyopita kwenye nguzo ya mviringo. Maji yakawa yanayumba. Prandtl akamwambia nguzo yako haijawa duara sawasawa. Akaichonga upya; yakayumba. Basi mfereji wako umepinda. Akaunyoosha; yakayumba. Kármán, ambaye kazi hiyo haikumhusu, kila asubuhi alikuwa akimuuliza kama yametulia, mpaka akajiambia: kama yanayumba kila siku, basi kuyumba ndiyo tabia yake. Akapiga hesabu mwisho wa wiki, akaonyesha kwamba nyuma ya nguzo vizingia, yaani maji yanayojizungusha, vinazaliwa kwa zamu, kushoto kisha kulia, kushoto kisha kulia. Leo vina jina la Kármán. Mimi humwonea huruma Hiemenz. Kila darasa nililofundisha lilikuwa na Hiemenz wake, kijana anayelaumiwa kwa kipimo ambacho hakikuwa na kosa.

Tacoma lenyewe liliuawa na kitu kilicho karibu zaidi na maradhi ya mabawa: linapojipinda kidogo, upepo unalisukuma kwa namna ya kulipinda zaidi, na kila mzunguko unaongeza. Lilikuwa jembamba, jepesi, limening'inia mita 853 kati ya minara miwili. La kwetu lina kama kilomita 3 kwa jumla, lakini ni zege zito juu ya nguzo nyingi. Siku ya upepo punguza mwendo, gari lako ndilo jepesi.

Hizi habari zote ni za Wazungu. Ziwa hili na watu wa huku wana nini katika historia ya anga? (Msomaji, Mabatini)

Umesema kweli, na nitakujibu nusu tu.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London. Iliishia wapi? Mwanza. Njia ya kufika Cape Town ilikuja kukamilika mwaka uliofuata. Baadhi ya ndege za njia hiyo zilitua majini, maana ziwa ni uwanja usiohitaji lami. Wazee wa enzi hizo waliziona ndege za Ulaya zikishuka hapa hapa.

La pili liko pwani. Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa anga chuo kikuu cha Roma, alitaka kurusha setilaiti kutoka karibu na ikweta, kwa sababu pale dunia yenyewe inakupa msukumo wa bure wa mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki. Akachagua jukwaa la chuma baharini, Ngomeni karibu na Malindi, na tarehe 26 Aprili 1967 ikaruka San Marco 2, ikiwa na mizani aliyoibuni mwenyewe ya kupima hewa nyembamba ya huko juu. Kutoka jukwaa hilo hilo, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano waliwarushia Wamarekani setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima.

Kwa kipimo cha ikweta Mwanza tungewashinda Malindi kidogo. Tatizo ni kwamba roketi hurushwa mashariki na kumwaga vipande vyake njiani, na mashariki yetu ni nyumbu wa Serengeti.

Ile droni iliyoleta dawa huku kwetu, kwa nini ilipanda kama helikopta halafu ikaondoka kama ndege? (Muuguzi, Nansio)

Kupanda wima ni kazi ya punda, dada: propela peke yake hubeba uzito wote, na betri inaisha ukiitazama. Ikifika juu inazigeuza propela zielekee mbele, bawa linapokea mzigo, na umeme unaohitajika unashuka sana. Ndiyo maana ile Wingcopter ya Kijerumani, mwaka 2018, iliweza kuvuka kilomita 60 hadi Ukerewe kwa wastani wa dakika 40. Kigumu ni ile sekunde ya kugeuka, ambapo si helikopta tena na bado haijawa ndege. Humo ndimo wanafunzi wa uzamivu wanapomalizia ujana wao.

Babu, wewe mwenyewe umewahi kurusha nini? (Kidato cha pili, Buswelu)

Tiara ya gazeti, mjukuu wangu, nikiwa mdogo kuliko wewe. Baada ya hapo kazi yangu ikawa kuzuia vitu visiruke. Kwenye handaki la upepo bawa hufungwa, hewa ndiyo inayokimbizwa. La kwetu tulilijenga kwa mbao na feni kubwa, na siku ya kwanza tulipoliwasha likaanza kupiga mluzi. Tulikaza kila skrubu. Tukailaumu feni, tukamlaumu fundi seremala, tukamlaumu kijana aliyekata mbao. Wiki mbili zikapita kabla hatujagundua kwamba unaoimba ni waya mwembamba ulioshika bawa, hewa ikiyumba nyuma yake kushoto kulia kama maji ya Hiemenz.

Tukautoa, tukaweka waya mnene. Ukaimba kwa sauti nzito.