Anayekupungia mkono amekupa leni yake tu

Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua watu 4,748 kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya taifa ya uchukuzi na usalama barabarani, kutoka 4,324 mwaka uliotangulia. Tukisikia ajali tunawaza basi lililopinduka Salgaa, kule barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Kumbe zaidi ya thuluthi moja ya wanaokufa ni watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, na hapa Nairobi ndio wengi kuliko wote.

Mimi hushukia Thika Road kila jioni, kwa hivyo ushauri wangu ni wa mtu wa miguu.

Kwanza, yule dereva muungwana. Anasimama, anakupungia mkono, nawe unakimbia kwa shukrani. Lakini gari lake limekuziba. Wa leni ya pili hakuoni. Anachoona ni mwenzake amepunguza mwendo na nafasi ya kumpita imepatikana. Mimi nikifika kwenye pembe ya gari lililosimama, nasimama tena na kuchungulia, hata likinipigia honi. Waache wapige.

Ni vivyo hivyo ukishuka matatu: usipite mbele yake. Ngoja iondoke uone barabara yote. Na makanga akitaka kukumwaga katikati ya leni kwa vile kuna jamu, kataa, mwambie akushushe steji.

Jamu yenyewe tunailaani bure, maana gari linalotambaa ni nadra kuua. Hatari huja usiku barabara ikifunguka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa, uwezekano wa kufa ni mara nne na nusu kuliko likiwa kwenye 50. Saa nne usiku, umevaa koti jeusi, dereva wa mwendo huo hatakuona mapema. Mkoba wa rangi ya kung'aa au hata tochi ya simu unasaidia.

Daraja la watu wa miguu likiwepo, panda. Wanaosema watu wa miguu ni wavivu hawajazunguka na mtoto mgongoni na mfuko wa viazi mkononi kwa sababu daraja liliwekwa mbali na steji. Usiku kuna wezi pia. Mimi hungoja wenzangu wawili watatu tupande pamoja.

Na ukiamua kuchukua boda, helmeti ya abiria iombe kabla ya kuuliza bei. Asiye nayo, mwite mwingine.