Kutengeneza variabo (safu ya data) kwa kuandika amri kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu

Mkuu, umesema umeandika COMPUTE wastani = (s1 + s2 + s3) / 3, yaani wastani wa majibu ya maswali matatu s1, s2 na s3, alafu variabo mpya imejaa vidoti badala ya namba. Angalia kwanza nukta, kila amri lazima iishe na nukta, na chini yake weka EXECUTE nayo na nukta yake, bila hiyo hesabu inabaki inasubiri na hapo chini utaona Transformations pending. Kisha bonyeza Run, All.

Kama vidoti viko kwa watu baadhi tu basi shida ni majibu yaliyokosekana, ukijumlisha kwa alama ya + mtu akiruka swali moja tu wastani wake wote unapotea, na hii inaharibu kazi za watu wengi sana bila wao kujua. Andika hivi:

COMPUTE wastani = MEAN.2(s1, s2, s3).
EXECUTE.

Hiyo .2 inamaanisha awe amejibu angalau maswali mawili. Na kama amri huzijui, pitia Transform, Compute Variable, jaza kama kawaida ila usibonyeze OK, bonyeza Paste, programu itakuandikia yenyewe kwenye dirisha la sintaksi, yaani la kuandikia amri. Lisevu hilo faili tafadhali, data ikibadilika unarun tena tu.